Kinyago Kisicho na Mdomo

Mama,

Leo nakuandikia nikiwa nimekielekea kiti chako. Sijageuza uso, sijakohoa kwanza, wala sijamtuma mtoto atangulie kukuambia kwamba naingia. Ukiona ni utovu wa adabu, nisamehe, lakini usitegemee kwamba nitarudia mtindo wa zamani. Mkwe wako amechoka kuongea na ukuta.

Najua mama mkwe haandikiwi namna hii. Tumeishi nyumba moja, mimi na wewe, ghorofa ya tisa hapa Anderlecht, vyumba viwili na jiko ambalo watu wawili wakisimama wa tatu anasubiri kwenye korido. Na humo humo tukaishika desturi ya Waluba, mkwe na mama mkwe wasitazamane usoni, kana kwamba kila mmoja ana kiwanja chake. Ukitoka chumbani unakohoa, mimi najibana jikoni. Nikirudi kazini nagonga mlango wangu mwenyewe na kungoja usogee. Lifti ikifunguka nikakukuta ndani na mifuko yako ya sokoni, nilisema pardon kwa viatu vyako, nikapanda ngazi zote na buti za bohari miguuni. Jirani yetu Madame Fatiha alidhani tumegombana. Mara mbili alileta sinia la kuskusi ili tupatane, na mara zote mbili wewe ulilia chumbani, mimi jikoni, tukamshukuru kwa pamoja kupitia kwa mwanangu Plamedi.

Kilichotuleta karibu ni takataka. Unakumbuka? Plamedi alikuwa bado mdogo, amerudi shuleni na habari ya Halloween: watoto wanavaa vitu vya kutisha, wanagonga milango, wanapewa peremende. Hukuelewa ni sikukuu ya nini, na mimi nilikuwa sina la kukuelezea, tena kwa mgongo. Lakini ulielewa upesi kwamba mjukuu wako atasimama peke yake na koti la mvua kati ya wenzake waliovaa. Odette, mke wangu, alisema tutanunua vazi dukani. Ukaligusa lile la mtoto wa jirani, ukasema kitambaa chenyewe kitachanika kabla ya mlango wa tatu. Ukaenda kufungua mifuko ya taka.

Hapa Brussels taka zina rangi zake, chupa na makopo kwenye mfuko wa bluu, karatasi na maboksi kwenye wa manjano. Tangu siku ile hakuna kilichotoka nyumbani kwetu bila kupita mikononi mwako. Vikasha vya mayai vikawa magamba ya mamba. Vibomba vya karatasi za chooni vikawa meno. Ulipika gundi kwa unga wa muhogo, ule ule wa fufu, na siki kidogo ili isiote ukungu, na Odette aliponung'unika kwamba fufu ni chakula, ulimwambia kwamba kwenu Likasi, Kongo, mlikua na gundi hiyo na hakuna aliyekufa njaa. Ulimkumbusha magari ya waya na makopo ambayo kaka zako walitengeneza. Ulisema mtoto aliyetengenezewa kitu anajua kwamba kuna mtu alikaa chini akamfikiria.

Mimi nilikuwa mleta maboksi. Kule bohari tunapakua mizigo siku nzima, na maboksi mazuri, magumu, yanakwenda kusagwa. Nilianza kurudi nayo kwenye metro, nimeyakunja kwapani, watu wananipisha. Nilikuwa nayaegemeza mlangoni na kwenda kunawa, na nilisikia ukiyapiga kwa kidole kupima ugumu wake. Kisha hukumu inakuja kwa sauti ya Plamedi, lakini maneno ni yako: "Ambia papa yako alete ingine, ya leo iko mubaya."

Halafu tukaanza kufanya kazi pamoja, Mama, na kama kuna mtu angetuona angecheka hadi aanguke. Wewe unaelekea friji, mimi naelekea dirisha, migongo yetu inakaribia kugusana, meza iko ubavuni. Plamedi anazunguka katikati na mkasi, na gundi, na kamba. Unasema "kata hapa," namkabidhi yeye, yeye anakukabidhi, wewe unarudisha. Mkia mmoja wa mamba ulituchukua wiki nzima. Sijawahi kufanya kazi na mtu aliyenielewa upesi namna ile, na sikujua pua yako ilivyokaa.

Ni Plamedi aliyechoka na mambo yetu. Alitaka, akirudi kutoka kwenye milango, tukae sote mezani tule mikate uliyokaanga. Tukamwambia haiwezekani. Akafikiri, akasema lile neno ambalo mpaka leo najiuliza lilitoka wapi: "Kama munavaa masques, hamutaonana. Donc munaweza kukula pamoja." Mimi nilihesabu madirisha ya jengo la mbele. Kisha nikasikia ukicheka kidogo, ukamwambia: "Bon, ambia papa yako akate ya watu wawili."

Nikavikata vinyago wakati wa mapumziko kazini, kwenye boksi gumu la mashine ya kufulia. Changu simba, manyoya yake vipande vya karatasi ya kufungia. Chako hukutaka mnyama, ulitaka msichana. Ulimchora mwenyewe nyusi kwa makaa, ukampaka mashavu kwa maji ya kiazi chekundu, ukasema leo wewe si mama wa mtu. Jioni ile tukaketi. Uso kwa uso, Mama! Mkwe na mama mkwe wake, sinia la mikate katikati, mvuke unapanda. Nikanyosha mkono, nikachukua mkate, nikauleta mdomoni, ukagonga boksi.

Nilikuwa nimekata macho tu. Sikuwa nimekata midomo, wala changu wala chako. Ungeniuliza ningeapa kwamba nimemaliza kazi, kwa sababu kichwani mwangu mkwe mbele ya mama mkwe hali na hasemi, sasa mdomo wa nini? Mikono yangu ilijua hivyo bila kuniuliza. Plamedi alicheka mpaka akapata kwikwi. Wewe ukainuka, ukachukua mkasi, ukaja mpaka mbele yangu, na badala ya kuniambia nikivue ukakishika hapo hapo usoni pangu, ukakata. Nilisikia mkasi chini ya pua. Nilikuwa nimefumba macho kwa woga na heshima. Ukasema, "Mukwe naye iko na mudomo." Ukakata na chako. Tukala.

Tangu hapo, kila mwaka usiku wa Halloween tulikuwa na meza yetu. Ni jioni moja tu katika mwaka, lakini niliijua rangi ya macho yako. Nilijua kwamba la kushoto lilitoa machozi ukicheka. Nilijua hupendi mikate iliyoungua pembeni na unaisukuma kwangu kwa kidole.

Mwaka huu Plamedi alitaka mifupa. Ameshakuwa mkubwa, mamba ni wa watoto, anasema, yeye anataka kuwa kiunzi cha mifupa cha kutembea. Odette alisita. Wewe ulimpiga Plamedi kofi la mahaba kwenye mbavu, ukamwambia: "Mifupa ni kitu ya kuogopa? Hata weye uko nayo ndani." Ukaanza kabla hata majani hayajageuka rangi. Chupa nyeupe za maziwa ulizikata zikawa mbavu. Uti wa mgongo ni vizibo kwenye kamba, ukitembea vinagongana. Fuvu ni dumu jeupe la sabuni ya kufulia, na shikio lake likawa taya, nani mwingine angeliona hilo? Mkono wa kulia ulikwisha, vidole vya mirija. Wa kushoto ulikuwa bado.

Presha ikapanda. Ukalazwa, na hukurudi.

Pale chumba cha maiti walituruhusu kukuaga. Wote walikwenda mpaka karibu. Mimi nilisimama ukutani na kuangalia sakafu, kama inavyotakiwa. Nilikuwa bado mtu wa kutii.

Sasa nikupe habari za huku, na nyingine si nzuri. Wakati wa matanga nilibeba viti, niligawa vinywaji, nilisimama mlangoni, ndiyo kazi ya mkwe. Tonton Bonaventure, mdogo wako shemasi, alikuja kutoka Berchem na watu wa kanisa lake. Alikuwa anatafuta glasi. Akafungua kabati la korido, mifupa ikamwangukia. Ungekuwepo ungecheka, najua. Yeye hakucheka. Aliibeba mpaka sebuleni, mbele ya watu wote, akasema: "Kifo ilipita mu hii armoire." Kisha akauliza ni nani aliyeomba kitu kile kitengenezwe.

Plamedi alinyosha mkono. Kama darasani, Mama. Alinyosha mkono juu, akangoja aitwe.

Hakuna aliyemwita. Walimtazama tu. Nami nilisimama na kreti ya Fanta mikononi, nikanyamaza, kwa sababu mdogo wa mama mkwe naye ni mkwe, naye hajibiwi. Ulimi hauna mfupa, na ule wa Tonton siku ile ulizunguka nyumba nzima.

Baada ya hapo mjukuu wako alibadilika. Aliacha kula. Kama ni mikate ya kukaanga ndiyo kabisa, alikuwa anatoka jikoni. Alilala na taa. Siku moja alimuuliza mama yake: angeomba vazi la kipepeo, je, Nkambo, bibi yake, angekuwa bado yupo? Odette alikuja kuniambia na mkono mdomoni. Na mimi najua maneno ya namna ile yanaishia wapi. Wewe pia unajua. Pale mtaani kwetu Likasi kulikuwa na mtoto wa jirani aliyeanza kwa kutazamwa tu kama mchawi, kisha akaombewa, kisha akafunga kula kwa siku nyingi, kisha akawa analala sokoni. Hakuna aliyesema amefukuzwa. Walisema ameombewa.

Jumapili moja baada ya ibada Tonton akaja tena, na akina mama wawili wa maombi. Alisema anakuja kusafisha nyumba kabla ya siku ya kuondoa matanga. Odette aliniomba kwa macho nifunike kombe mwanaharamu apite. Basi nilikaa. Waliitia mifupa yako kwenye mfuko wa bluu, wakaibana, wakaifunga, mmoja akashuka nayo mpaka kwenye lami, kwa sababu taka zinachukuliwa jioni. Nikakaa. Wakachukua simba wangu na msichana wako, wakaviweka kwenye wa manjano. Nikakaa, lakini kiti kilikuwa cha moto. Kisha Tonton akaleta mto wa kochi, akauweka sakafuni katikati ya sebule, akasema: "Alors, mutoto apige magoti, tumuombee."

Na Plamedi akaenda. Hakulia, hakuuliza. Alikwenda kama mtu aliyekuwa anaungoja ule mto.

Mama, nilisimama. Nilikwenda mpaka kwenye mfuko wa manjano na kuutoa ule uso wa simba. Sijui nilitaka nini, labda kuuvaa, maana sijawahi kuongea na watu wa upande wenu bila kitu usoni. Nikaugeuza na kuuona ule mdomo. Umekatwa kwa haraka, umepinda upande mmoja, na alama ya mkasi ulipoteleza. Nikauweka mezani. Nikamtazama mdogo wako usoni, machoni kabisa, uso wangu ukiwa mtupu, nikasema: "Tonton, mutoto wangu hapigi magoti. Hakuua muntu."

Ungeiona sebule yako! Mama mmoja wa maombi aliketi bila kuangalia kama kuna kiti. Tonton aliniuliza kama najua naongea na nani. Nikasema najua sana, naongea na mtu aliyemfanya mtoto anyoshe mkono kukiri kifo cha bibi yake. Nikasema presha ndiyo iliyokuchukua, nayo ulikuja nayo kutoka Likasi, kwenye begi lako, pamoja na dawa zake. Nikasema mwenye kutaka kusali na asali, Mungu yupo na mimi namwamini, lakini katika nyumba hii hakuna mto utakaowekwa sakafuni kwa ajili ya Plamedi, si leo wala siku nyingine. Sauti yangu ilikuwa kubwa. Sikujua ninayo. Kimya kingi kina mshindo mkuu, ndivyo wanavyosema, na mimi nilikuwa na miaka mingi ya kimya cha kulipuka.

Akasema mkwe hajibu. Nikamwambia mkwe naye ana mdomo, dada yake ndiye aliyeukata. Akachukua kofia yake.

Sikungoja waondoke. Nilishuka mbele yao kuufuata mfuko. Ulikuwa bado umeegemea mti, kati ya mingine ya bluu, na vidole vya mirija vimechomoza juu vinawapungia watu. Niliukumbatia nikarudi nao. Kwenye lifti nikamkuta Madame Fatiha. Alinitazama mimi, akautazama mkono wa mifupa, akauliza kwa upole kama hatimaye nimepatana na mama mkwe wangu. Nikamwambia ndiyo, Madame, leo. Nikalia mbele yake mpaka ghorofa ya tisa.

Nilipofungua mlango nilisikia harufu ya unga wa muhogo. Odette alikuwa kwenye jiko, amenipa mgongo, anakoroga gundi. Macho yake yalikuwa yamevimba. Ni mjomba wake, ni damu yenu, na jambo hili limemuuma, sitakudanganya kwamba tumeshinda na tunacheza. Lakini alikoroga mpaka ikawa nzito, akatia siki, akaiweka mezani. Plamedi alikaa mbali, akaangalia. Nilianza mkono wa kushoto peke yangu na nikaukosea kwa makusudi, nikauwekea vidole virefu mno. Hakuvumilia. Alikuja akaninyang'anya mkasi, akasema Nkambo hakuwa anafanya hivyo.

Tuliumaliza pamoja, sisi watatu, na safari hii hakuna aliyeelekea friji wala dirisha.

Halloween ilifika na mvua. Mifupa yako ilitembea ghorofa zote za jengo, Mama, kutoka juu mpaka chini, vizibo vinagongana kwenye ngazi, watoto wanapiga kelele za furaha. Mtoto wa ghorofa ya nne alilia kwa hofu, Plamedi akavua fuvu akamwonyesha ni dumu la sabuni, akambonyeza mbavu, akamwambia hata yeye anayo ndani. Mimi nilikuwa nyuma yake na mfuko wa peremende. Madame Fatiha alitoa tende. Tonton alituma ujumbe kwamba hatakanyaga kwetu mpaka nyumba iombewe. Basi, viatu vyake na vipumzike. Siku akija kumwomba mtoto msamaha nitampa kiti kizuri na soda baridi, na nitamwita Tonton kama zamani. Kabla ya hapo, hapana. Na asinitumie wajumbe.

Tuliporudi, Odette alikuwa ameshakaanga. Nilikitundika kinyago chako, yule msichana wa nyusi za makaa, kwenye mgongo wa kiti chako. Nikakaa mbele yake. Plamedi alivua fuvu, akaliweka sakafuni, akaangalia sinia kwa muda. Kisha akachukua mkate. Akauma, akatafuna, akachukua mwingine mdomo ukiwa bado umejaa, na mama yake akageukia sinki na kufungua maji bila kuosha chochote.

Kisha mtoto akanitazama, akashtuka. Akaniambia nimesahau kuvaa simba wangu, Nkambo ataniona.

Nikamwambia anione.

Kwa hiyo nione, Mama. Ndiyo huu uso, una kovu kwenye kidevu na masharubu yanayoanza kuwa meupe, si mzuri kuliko wa simba. Uso wako mimi sikuuona pale ukutani nilipoinamisha kichwa, na hilo nitalibeba. Lakini macho yako nilikaa mbele yake nikila, mwaka baada ya mwaka, na hakuna wa kunipokonya hayo, awe shemasi au nani.

Lala salama. Mkono wa kushoto umekaza, hautachomoka. Mifupa iko kwenye lile lile kabati la korido, mlango haufungwi kwa ufunguo, na atakayetafuta glasi atajionea mwenyewe. Mwakani Plamedi anataka kuwa popo, na nimeshaona kazini boksi linalofaa, gumu, ungelipiga kidole ungelikubali. Nakuahidi jambo moja: kila uso nitakaoukata katika nyumba hii, wa kwake, wa watoto wake nikijaliwa kuwaona, nitaanza na mdomo. Macho yatafuata.

Mkwe wako,
Papa Plamedi